Bamba la Udongo la Mwalimu

Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa katika kazi moja zaidi ya miaka miwili. Nimeuza viatu, nimepokea simu katika kliniki ya meno, nimepika mandazi, nimefagia ofisi za Kilimani ambazo wenyewe sikuwahi kuwaona. Dada yangu husema hata nikiketi, kiti chenyewe hakijui kama kimekaliwa. Mwaka huu nilitimiza arobaini na nne, na kwa mara ya kwanza nikasikia kuna kazi ambayo mtu hulipwa kwa kutoketi.

Ilikuwa kazi ya kutembeza wageni. Kulikuwa na nyumba moja Lavington ambayo mwenyewe, kabla ya kufariki, alijaza ghorofa ya chini kwa nakala za vitu vya kale: vichwa vya udongo, miungu ya plasta, vipande vya ukuta wenye Wamisri wanaotembea ubavu. Watoto wake waliamua kuifungulia shule na wageni mwishoni mwa wiki. Walimtafuta mwalimu mstaafu wa sanaa, wakamwambia afundishe watu kwa Jumamosi kumi na mbili, kisha achague wawili. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la fleti nilizokuwa nikifagia. Lilisema cheti cha kidato cha nne kinatosha.

Nililisoma mara tatu nikiwa na ufagio mkononi. Shuleni nilisoma sanaa. Chumba chetu kilinuka rangi ya unga na katani iliyolowa, na kitabu tulichotumia, wasichana sita kwa kimoja, kilikuwa na picha za Misri ya kale zisizo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Kwa miaka mingi niliamini Wamisri wa kale waliishi katika nchi ya kijivu. Nilipokuja kuona rangi zenyewe, bluu ile na ule wekundu wa matofali, nilikuwa mtu mzima ndani ya duka la simu, kwenye televisheni ya kuonyeshea wateja, na nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama ninanunua.

Kwa hiyo nilienda. Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa Kilimani, nyuma ya jengo la ghorofa kumi na nne linalofanya ukumbi uwe na kivuli kuanzia saa tano. Tulianza watu tisa. Jumamosi ya nne tulikuwa sita.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, mwenye sweta ya kijani hata wakati wa joto. Hakukubali tumwambie picha ni ya nani. Alikuwa akiuliza tu, "Unaona nini?" Siku ya kwanza niliinua mkono, nikasema ninaona mfalme.

"Huoni mfalme," akasema. "Unaona mtu mkubwa kuliko wenzake. Mfalme umemleta wewe kutoka nyumbani."

Basi tukajifunza kuona. Tuliona kwamba Mmisri aliyechorwa ukutani ana uso wa kando, lakini jicho linatazama mbele, na mabega yako mbele, na miguu yote miwili inaonyesha kidole gumba. Mwalimu akasema yule mchoraji hakushindwa kuchora. Hakutaka kiungo chochote cha mtu kipotee, kwa hiyo kila kiungo alikionyesha upande ambao kinajulikana zaidi. Tuliona vichwa vya udongo vya watu wa Nok, Waafrika wa kale, macho yao kama tundu za kufuli. Mimi nilikuwa nikiona huku nimesimama. Nilikaa dakika ishirini, nikatoka nje kunywa maji, nikarudi nikasimama karibu na mlango. Mwalimu alinipa jina. "Mama wa mlangoni," alikuwa akisema bila kugeuka, "wewe unaonaje?"

Mwenzangu wa karibu darasani alikuwa askari wa lango moja la Lavington, mtu wa mkoa wa Magharibi, mrefu, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu akiwa bado na sare. Mke wake anatoka upande wa Murang'a kama mimi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita shemeji, halafu shem. Mwalimu akizima taa kutuonyesha picha ukutani, askari alikuwa akilala papo hapo, mikono imekunjwa kifuani. Ukimuuliza baadaye alikuwa amesikia kila kitu.

"Mimi kazi yangu ni kulala na masikio wazi," aliniambia. "Wewe shem kazi yako ni gani? Kuhesabu milango?"

Nikamwambia ninaitaka ile kazi ya kutembeza wageni. Akaniangalia, akaacha mzaha. "Hata mimi," akasema. "Nimechoka kuwa nje ya nyumba za watu." Tukakubaliana kwamba nafasi ni mbili, na sisi ni wawili.

Jumamosi ya tisa ilikuwa ya mihuri. Mwalimu alituonyesha muhuri wa Mesopotamia, kijiwe cha mviringo kisichozidi kipande cha chaki, kilichochongwa watu wadogo kukizunguka. Hukuugonga kama muhuri wa siku hizi. Uliubingirisha juu ya udongo mbichi, na wale watu wakatokea mmoja baada ya mwingine, wamesimama. Kisha akampa kila mmoja wetu kipande cha sabuni ya kufulia, akatuambia tukichonge duara, tuchonge mnyama, tubingirishe.

Askari alichonga ng'ombe. Alipombingirisha, ng'ombe akatokea anaelekea upande wa pili.

"Sasa huyu anaenda wapi?" akauliza. "Nimemtuma malishoni anarudi nyumbani!"

Watu walicheka, kwa sababu wanyama wa wote walikuwa wamegeuka, na mmoja aliyeandika herufi za jina lake alikuwa amepata kitu kama Kiarabu. Mimi nilikuwa nimechonga mbuzi na chini yake neno zima, na vyote vilitokea sawasawa. Sikuwa nimefikiri. Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu.

"Nani alikufundisha kuandika kinyume?"

Nilimwambia. Baada ya shule nilikaa miaka miwili kasoro kwa mjomba wangu, aliyekuwa mchonga mihuri chini ya ngazi za jengo moja katikati ya jiji, upande wa chini. Wakati huo mashine zilikuwa chache. Anko alichonga kwa nusu wembe uliofungwa kitambaa, juu ya raba iliyokatwa kutoka kwenye soli. Mihuri ya makanisa, ya vyama vya akina mama, ya shule za watu binafsi, ya makatibu wa kila namna. Alinifundisha kushika wembe, na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto mpaka nikawa nasoma mabango ya barabarani kinyume bila kutaka. Na alinifundisha sheria moja ambayo aliitaja kila jioni kabla ya kufunga: chapa ya kujaribia hailali nje.

Ukimaliza muhuri uliujaribu kwenye karatasi, mteja akaona, akaridhika. Basi zile karatasi zote za majaribio zilikusanywa na kuchanwachanwa, hapo hapo, mteja akitazama. Kwa sababu chapa iliyoachwa ovyo ni mlango. Mtu anaweza kuiokota, akaikata, akaibandika mahali, au akampelekea mchongaji mwingine aiige. Mihuri ilikuwa ya wateja; chapa za kujaribia zilikuwa zangu kuharibu. Nilifanya hivyo kila siku kwa karibu miaka miwili, mikono ikifanya na macho yakitazama barabarani nani anapita.

Mwalimu alisikiliza yote haya, akasema, "Basi meza ya mihuri ni yako." Maana siku ya mwisho kila mmoja wetu angepewa meza moja kule Lavington na kuzungumza mbele ya wageni, na kwa mazungumzo hayo ndipo angechagua wawili.

Kisha akafungua mkoba, akatoa mkebe wa biskuti. Ndani, katika pamba, mlikuwa na bamba la udongo mkavu, refu kama kiganja, jembamba, rangi ya vumbi. Juu yake watu watatu walionekana wazi kabisa. Mmoja ameketi kwenye kiti ameshika kikombe. Mbele yake mwanamke anakuja, na nyuma yake anamvuta mtu wa tatu, amemshika kwenye kiwiko cha mkono kama mtoto anayepelekwa kusalimia wageni. Juu yao mwezi mwandamo.

Alipokuwa mwalimu kijana alipelekwa masomoni ng'ambo. Katika jumba moja la makumbusho mtunzaji alimruhusu, mara moja, kushika jiwe lenyewe na kulibingirisha juu ya udongo aliokuja nao. Hakuuchoma ule udongo kwa sababu aliogopa utapasuka tanurini. Aliuacha ukakauka, akarudi nao nyumbani ndani ya ndege, mapajani.

"Hili limegusa jiwe," akasema. "Vingine vyote mtakavyoviona kule ni picha za picha. Mnaweza kutazama. Msiguse."

Tuliinama kama watu wanaochungulia kitanda cha mtoto mchanga. Niliuchora ule mchoro mara nne katika daftari, nikapiga picha kwa simu. Nilimpenda zaidi yule anayevutwa. Mkono mmoja umeshikwa, na ule wa pili ameuinua mbele ya mdomo, kama mtu asiyejua auweke wapi.

Jumanne kabla ya Jumamosi ya mwisho tulikwenda Lavington kuandaa meza. Mwalimu aliweka bamba lake kwenye meza yangu, nje ya mkebe, juu ya karatasi, aone litakavyokaa. Tulikubaliana litarudi mkebeni na kubaki humo humo, chumba kikifungwa, mpaka siku yenyewe. Kisha akaenda nyuma kuzungumza na mtunzaji wa nyumba habari ya viti.

Nilibaki na nakala ya plasta ya muhuri, donge la udongo na ndoo ya maji. Nikaanza kufanya mazoezi. Ningezungumza, ningebingirisha, ningenyanyua bamba wageni waone. Nilifanya mara sita, mara saba, kwa sauti. Jua la dirishani lilikuwa kali, mabamba ya kwanza yakaanza kupauka. Nje, watu walipita kando ya ukuta wa jirani, wayaya wawili na mtu wa kupogoa maua mwenye mkasi mrefu, wote wakienda mahali, na mimi nikaanza kuhisi ile hali ninayoijua, kwamba chumba kimekwisha na sasa ni wakati wa kwenda. Nikatazama dirishani. Mikono ikakusanya mabamba yote juu ya meza, ikayatia katika ndoo. Nikafuta meza. Nikakunja hata karatasi.

Askari aliingia akiwa na chai katika kikombe cha plastiki. Lango lake liko barabara ya pili.

"Shem, ile kitu ya mwalimu iko wapi? Nataka nipige picha ya mwisho kabla watu wengi waje."

Nilimwonyesha meza. Kisha nikaitazama.

"Iko wapi?" akauliza tena.

"Kwenye ndoo."

"Wacha mchezo."

Akaweka chai chini, akapandisha mkono wa sare, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Udongo mkavu usiochomwa ukiingia majini hauvunjiki vipande. Hufumuka, kama mkate kwenye chai. Aliutoa mkono ukiwa umevaa matope laini.

"Shem. Hii imekuwa uji."

"Najua."

Akasimama akidondokwa. "Sema ni paka."

"Paka gani anayeogesha udongo?"

"Paka wa Lavington hawana kazi, wanaweza kufanya chochote." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Basi mwambie. Leo. Kabla hajajua mwenyewe."

Nilisikia sauti ya mwalimu nyuma ya nyumba, akihesabu viti. Nikafunga mkebe mtupu, nikauweka katikati ya meza, nikamwambia askari aseme nimepata simu kutoka nyumbani. Alikataa kusema uongo. Alisema atasema nimeondoka, basi. Nikaondoka.

Nilitembea. Nilishuka kupitia Muthangari kando ya zile kuta ndefu, nikipita lango baada ya lango, nikifikiri jinsi kila kitu nilichowahi kukiacha nilikiacha kwa njia hii hii, kupitia mlango wa karibu zaidi. Kazi ya meno niliiacha nikienda kununua maziwa. Nilijua ninavyofanya: Jumamosi singetokea, simu ningeizima, baada ya mwezi ningepata jambo lingine. Mwalimu angefungua mkebe mbele ya wageni. Nikavuka Westlands bila kusimama, nikaendelea mpaka mjini, na miguu ikanipeleka yenyewe chini ya ngazi za anko.

Siku hizi panauzwa kava za simu. Msichana aliyekuwa pale alisema, "Karibu sista, uko na simu gani?" Nikamuuliza kama bado kuna mtu anachonga mihuri hapo. "Kuchonga?" akasema. "Siku hizi ni mashine, dakika kumi. Mbele hapo."

Nilisimama nikitazama ule ukuta uliopakwa rangi upya, na nikamkumbuka mtu mmoja aliyekuja siku moja na kipande cha karatasi chenye chapa ya chifu. Alitaka muhuri kama huo. Anko aliishika karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, nadhani kwa sababu ilikuwa kazi nzuri ya mtu mwingine. Kisha akaichana. "Huu una mwenyewe," akamwambia. "Nenda kwa mwenyewe."

Nikafanya kinyume chake. Nilitembea hadi kwa mtu anayeuza vinyago, nikamuuliza kama ana mabaki ya mawe ya Kisii, yale laini.

"Mathe, hii ni kipande tu imebaki, itakusaidia na nini?"

"Ninachonga muhuri."

"Wa chama?"

"Wa mfalme."

Akacheka, akanifungia katika gazeti.

Jumatano na Alhamisi nilikaa kwenye veranda yangu Kangemi, nikachonga. Nilikuwa na daftari, picha za simu, wembe, msumari uliosagwa ncha na sindano ya kushonea magunia. Lile jiwe linachongeka kama sabuni iliyokauka vizuri, na mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mihuri mingi ya kale ilikuwa ya jiwe la namna hiyo. Nilimchonga aliyeketi, nikachonga kikombe. Nilichonga pindo za nguo mstari kwa mstari. Vidole vya mwanamke kwenye kiwiko cha yule mtu vilinichukua mchana mzima. Jirani alikuja kuazima chumvi akasema, "Leo uko nyumbani? Unaumwa?" Kwa siku mbili sikunyanyuka isipokuwa kwa chai. Ilinikasirisha kwamba kazi ya kwanza maishani iliyoniketisha ilikuwa ya kughushi.

Ijumaa nilibingirisha. Bamba la kwanza lilikuwa jembamba mno, la pili likapinda. La tatu nililianika juu ya bati, likakauka, nikalisugua kwa majani ya chai mpaka likapata rangi ya vumbi. Nililiweka kando ya picha ya simu. Nikalitazama kama anko alivyoitazama karatasi ya chifu. Lilikuwa lenyewe. Nikayavunja yale mawili mengine, nikalifunga hili katika pamba.

Jumamosi nilifika wa kwanza. Mtunzaji alinifungulia chumba. Mkebe ulikuwa pale nilipouacha, hakuna aliyeugusa. Nikatia bamba ndani na kuufunika, na niliposikia geti nikaenda kusimama dirishani.

Mwalimu aliingia na sweta yake. "Jumanne ulitoroka," akasema.

"Samahani mwalimu."

"Nimezoea." Akaufungua mkebe. Akavaa miwani. Alilitazama bamba kwa muda, akatabasamu kidogo. Kisha akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza upande wa nyuma.

Katika kazi yetu hakuna aliyewahi kutazama nyuma ya chapa. Nyuma ya chapa ni karatasi. Sikuwahi hata kujiuliza nyuma ya bamba kuna nini. Nyuma ya langu palikuwa laini, kama lilivyotoka juu ya bati.

Mwalimu alikaa nalo hivyo, mgongo juu, muda wa mtu kusoma barua fupi. Akaliweka mezani taratibu, uso juu. Akavua miwani.

"Wageni wanaingia," akasema. "Anza ukiwa tayari."

Akaenda kuketi mstari wa mbele.

Wageni walikuwa kama ishirini, wengi walimu wa shule za msingi, wengine wazazi kutoka fleti za Kilimani. Askari alizungumza kabla yangu, kwenye meza ya Wamisri. Aliwaambia watazame miguu. Aliwauliza wamewahi kumwona mtu mwenye miguu miwili ya kushoto, mwalimu mmoja akajibu, "Ndiyo, mume wangu akicheza muziki," na kuanzia hapo chumba kilikuwa chake. Nilifurahi kwa ajili yake na nilitaka kuondoka. Mlango ulikuwa hatua nne kutoka nilipo. Kati yangu na mlango hapakuwa na mtu.

Kisha wakaja kwangu. Nikasema habari za asubuhi. Nikawaeleza muhuri ni nini, nikabingirisha nakala ya plasta, wakaona watu wakitokea, wakasema aaa. Nilikuwa nimefika mahali nilipokariri wiki mbili: na hili hapa ni bamba lililogusa jiwe lenyewe. Nililinyanyua. Mwalimu alikuwa akinitazama bila hasira, kwa yale macho ya darasani, ya kuuliza unaona nini.

"Hili nimelitengeneza mimi," nikasema. "Jana, nyumbani."

Walidhani ni sehemu ya mazungumzo. Wakangoja.

"Lilikuwako la kweli. Lilikuwa la mwalimu wetu, huyu hapa. Alilibingirisha mwenyewe kwa jiwe lenyewe akiwa msichana. Jumanne mimi nililitia kwenye ndoo ya maji." Nikawaeleza habari za anko na chapa za kujaribia, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kueleza. Niliwaeleza jinsi udongo unavyofumuka. "Halafu sikumwambia. Nikachonga la uongo, nikamwekea. Ameligeuza, amejua."

Mama mmoja nyuma akasema polepole, "Woi." Mwalimu mmoja wa shule akageuka kumtazama mwalimu wetu, aone kama ni kweli. Yeye aliinamisha kichwa mara moja tu.

"Na hilo umelichonga kwa mkono?" mzazi mmoja akauliza.

Nikalitoa lile jiwe mfukoni. Likapita mikononi mwao, kutoka mtu hadi mtu, na maswali yakaja mengi: wembe gani, siku ngapi, unaanzia wapi. Nikajibu. Sikumbuki nilivyojibu.

Wageni walipoenda kunywa chai bustanini, mwalimu alibaki ameketi. Askari alijifanya anapanga viti, kisha akaona aibu, akatoka. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Kazi nimempa askari," akasema, "na yule dada wa meza ya Nok."

"Sawa mwalimu."

"Si kwa sababu umezungumza vibaya. Umezungumza vizuri kuliko wote. Lakini siwezi kukuacha peke yako na vitu vya watu. Kuharibu, kila mtu anaharibu. Mimi niliwahi kuvunja chungu cha miaka mia tatu kwa kiwiko. Wewe ulikuwa na Jumanne nzima, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Simu yangu unayo."

"Ninayo."

"Ulidhani singejua?"

"Nilidhani utafurahi."

Alicheka kwa uchungu, sauti ya puani. "Nilifurahi. Dakika moja hivi. Ndiyo mbaya zaidi." Akalichukua bamba langu, akaligeuza tena. "Ulipolishika lile langu, kabla ya kulitia kwenye ndoo, uliuona mgongo wake?"

"Sikuuona. Nilikuwa natazama nje."

"Hakuna aliyewahi kuuona isipokuwa mimi. Nilikuwa nawaonyesha uso tu, miaka yote hiyo." Kutoka bustanini nilimsikia askari akichekesha watu wake wapya. Nilihisi miguu ikiniambia kwamba mambo yamekwisha, nimeshahukumiwa, sasa naweza kwenda.

"Una penseli?" mwalimu akauliza.

Nilikuwa nayo. Nikafungua daftari.

"Vuta kiti. Siwezi kuzungumza na mtu aliyesimama juu yangu."

Nikavuta kiti, nikaketi.

"Nilikuwa nimetandika taulo la hotelini chini ya udongo," akasema, akifumba macho. "Kwa hiyo kote kulikuwa na alama za nyuzi, vijiduara vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku. Chora. Na huku chini, nilipolinyanyua likiwa bichi, kuna alama ya kidole changu. Gumba."

Nikachora vijiduara, nikachora gumba. Akafumbua macho, akatazama karatasi.

"Hapana. Upande wa pili. Nilishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa unatetemeka."

"Kina ukubwa gani?"

Akanyoosha gumba lake la kushoto, akaliweka juu ya karatasi. "Kilikuwa kidogo kuliko hiki," akasema. "Futa, uanze tena."